Chapa ya Kwanza Hufichwa

Kila anayeanza kazi ya ngozi hapa Mkandaani huuliza swali lilelile, na huliuliza mapema, kabla hajajua hata kushika nyundo sawasawa. Huuliza kwa nini chapa ya kwanza ya kila kiatu, aliyoitolea jasho, igongwe upande wa ndani wa kiatu, chini ya kisigino, kisha ifunikwe na kushonwa isionekane tena. Huuliza pia kwa nini lazima ailaze ngozi shavuni kabla ya kuigonga, kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mchanga. Maswali haya mawili yana jibu moja, nami nitalieleza kama nilivyolipokea.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana anayekosea jina la kitu hukosea na namna ya kukitumia. Chapa si mchoro. Mchoro hukatwa kwa kisu, na ngozi ikapungua. Chapa hugongwa, na ngozi haipungui chochote. Huinama tu ikabaki imeinama. Mti ambao magome yake huifanya ngozi isioze, kwetu ni mkandaa. Wageni huita miti yote ya ufukweni mikoko, lakini magome ya mkoko mwenyewe si haya tunayoyatumia. Na ndege nitakayemtaja ni kitwitwi. Si membe, wala si kulasitara.

Ilikuwako basi enzi ambayo ngozi haikujua chapa, na kitwitwi alikuwa ndege mnene. Tumbo lake lilikuwa kama la kanga anayekaribia kutaga, miguu yake mifupi na mizito, na alitembea juu ya matope polepole kama tajiri aliyetoka karamuni. Hakumkimbia mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye haja naye.

Enzi hizo Mkandaani palikuwa na fundi mmoja tu wa viatu, Vuai bin Makame. Mji mzima ulivaa viatu vyake, wanaume kwa wanawake, na vyote vilikuwa vya namna moja: soli mbili za ngozi ya ng'ombe zilizoshonwa pamoja, na ukanda juu ya vidole. Havikutofautiana ila kwa urefu. Fundi Vuai aliona fahari kwa hilo. Alikuwa akisema kwamba kiatu chema ni kile ambacho ukikichanganya na wenzake hukijui tena. Watu waliotoka msikitini walivaa chochote kilichowaenea, na hakuna aliyenung'unika, maana alichokivaa na alichokiacha vilikuwa sawa.

Ngozi yenye alama, hata alama ya mwiba, ilihesabiwa kuwa mbovu. Fundi aliyegundulika kuitia katika kiatu cha mtu alipinduliwa kigogo: wazee walikwenda kwenye karakana yake, wakaligeuza gogo lake la kazi juu chini mbele ya watu, na tangu hapo hakushona tena. Ndivyo alivyokoma fundi aliyemtangulia Vuai, na ndiyo sababu Vuai alikuwa peke yake.

Siku moja Fundi Vuai alikuwa na ngozi ya fahali mkubwa. Binti yake Mwanamize, ambaye bado hakuwa ameolewa, aliilowesha, akaikamua, akaitandaza kivulini juu ya mwamba bapa karibu na maji. Aliiacha hapo tangu asubuhi. Ilipokaribia adhuhuri kitwitwi alipanda mwamba, akaivuka ngozi kwa mwendo wake wa kitajiri, akashuka upande wa pili. Hakuna aliyemwona. Fundi Vuai alikuja kuiona ngozi ilipokwisha kukauka. Pembeni mwake palikuwa na nyayo, kila moja vidole vitatu vilivyoelekea mbele na kidoa kidogo nyuma, safi kama zilizochongwa.

Alizisugua kwa gome la chaza, zikabaki. Aliinyunyizia maji akasugua tena, zikafifia kidogo, zikabaki. Ngozi ya fahali haitupwi. Akakata vipande vingine vyote, na kile chenye nyayo akakifanya soli ya juu ya kiatu cha mguu wa kushoto, upande wenye alama ukitazama ndani, chini ya kisigino. Akakishona juu ya soli ya pili. Hakumwambia mtu, wala binti yake. Na kwa kuwa ngozi ile ilitoa viatu virefu, vilikwenda kwa mwenye miguu mirefu kuliko wote mjini, naye alikuwa Bi Mosi, mkunga, mwanamke ambaye watu walisema miguu yake hubisha hodi kabla yake.

Mwaka uliofuata Mwanamize aliolewa na Msellem bin Hatibu, mchuuzi wa chumvi, mtu mpole aliyemsikiliza sana mama yake. Walipendana. Lakini mimba zilikuwa zikimtoka Mwanamize, na baada ya mimba ya pili alimwomba Bi Mosi aje kumkanda tumbo kwa mafuta, pasipo watu kujua, maana mama mkwe wake, Bi Raya, alikuwa na maneno.

Bi Mosi alikuja alasiri moja Msellem akiwa safarini. Alivua viatu mlango wa mbele, kama desturi ilivyo, akaingia. Kabla hajamaliza, mtoto wa jirani alikuja mbio uani kusema kwamba mama yake ameshikwa na uchungu. Mkunga hazunguki nyumba kutafuta viatu. Bi Mosi alitoka kwa mlango wa uani, miguu mitupu, na mlango akauacha wazi.

Msellem akarudi mapema kuliko alivyotarajiwa. Alikuta viatu vya mgeni mlangoni. Mume mwenye adabu haingii mkewe akiwa na mgeni wa kike, kwa hiyo aliketi barazani akangoja. Alivyongoja alivitazama viatu vile, na kila alipovitazama aliona ni virefu. Vilikuwa virefu kuliko vyake yeye. Hakusikia mazungumzo ndani. Hatimaye aliingia, akamkuta mkewe amelala peke yake, anang'aa mafuta, na mlango wa uani u wazi.

Mwanamize alimweleza. Msellem hakumpiga wala hakumtukana. Alivichukua viatu vile akaenda navyo kwa mama yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kufikia magharibi mji ulikuwa umekwisha kusikia, na Bi Raya alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa, baada ya sala, mwanawe atatoa talaka mbele ya watu. Mwanamize alirudi kwa baba yake na kanga moja na mto mmoja.

Ijumaa ilipofika, Sheha Ngwali alitaka kwanza mambo yachunguzwe. Sheha huyu alikuwa mtu wa udadisi kuliko ukali. Kitu asichokifahamu kilimnyima raha mpaka akifahamu. Bi Mosi alikuja akasema waziwazi kwamba viatu ni vyake, na kwamba alikuwa amekwenda kwa kazi yake. Watu wengi waliridhika. Bi Raya hakuridhika.

"Huyu amewazalisha wake zenu nyote," alisema. "Hatamwacha mwana wa mtu aaibike. Na kwa miguu ile, hata mkimwonyesha mtumbwi atasema ni kiatu chake."

Watu walicheka, na Bi Mosi mwenyewe alicheka. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa. Sheha akaagiza viletwe viatu virefu vingine kutoka mlango wa msikiti, akavichanganya na vile vya mlangoni kwa Msellem, akamwita Fundi Vuai aseme vipi ni vya nani.

Fundi Vuai alivigeuza kimoja kimoja. Mshono ulikuwa uleule. Rangi ileile. Ukanda uleule. Maisha yake yote alikuwa ametafuta jambo hili hasa, viatu visivyoweza kutofautishwa hata na aliyevishona, na sasa alikuwa amelipata. Alimwona binti yake amesimama upande wa wanawake, amejifunika, hamtazami mtu. Msellem alikuwa ameinamisha kichwa. Bi Raya alikuwa anangoja.

Alijua liko jambo moja linaloweza kuvitenga viatu vile, na jambo hilo lilikuwa ndani ya mshono. Alijua pia kwamba akilisema, kigogo chake kitapinduliwa kabla ya alasiri, na mji utabaki hauna fundi, na yeye atabaki hana kazi. Alivitenga viatu vya kushoto, akavipanga mbele ya Sheha.

Kisha akasema, "Kama hivi ni vya Bi Mosi, ndani ya kiatu cha kushoto, chini ya kisigino, mna nyayo za ndege. Vidole vitatu mbele, na kidoa nyuma. Nilizificha mimi. Nipeni kisu."

Akapewa. Alikata mshono wa kiatu cha kwanza cha kushoto, akafunua soli. Ngozi ilikuwa tupu. Bi Raya akavuta pumzi. Alikata cha pili, kile kilichotoka mlangoni kwa Msellem, na hapo chini ya kisigino palikuwa na unyayo wa kitwitwi, mmoja mzima na nusu ya mwingine, umekaa kana kwamba ndege amepita asubuhi ile.

Bi Mosi aliutazama akasema kwamba siku zote alihisi kitu kinamtekenya pale, akadhani ni uzee.

Talaka haikutolewa. Lakini sheria ya kigogo ilikuwa sheria, na wazee wawili walikuwa wamekwisha kusimama ili waende karakana. Sheha Ngwali aliwaomba wangoje. Alikuwa ameshika soli ile karibu na macho, anaigeuza kwenye jua, anapapasa unyayo kwa kidole. Aliuliza kwa nini haukufutika kwa kutembewa muda wote huo. Fundi Vuai alisema hajui. Aliuliza ngozi ilikuwa katika hali gani ndege alipopita. Fundi alisema hajui. Aliuliza kama anaweza kuuweka unyayo kama ule kwa makusudi. Hilo pia hakulijua.

"Basi nenda ukajue," Sheha alisema. "Jambo ukiweza kulirudia, si kasoro, ni kazi. Mwezi ukiandama utaniletea ngozi yenye alama kama hii, uliyoiweka wewe kwa mkono wako. Usipoweza, tutakuja kupindua."

Hapo ndipo balaa la kitwitwi lilipoanza. Fundi Vuai kwanza alifikiri ni lazima ndege mwenyewe apite. Ngozi zilitandazwa ufukweni, na watoto wa mji wakatumwa kumswaga kitwitwi juu yake. Alipita pembeni. Walimzunguka, akapita katikati ya miguu yao. Kutwa walimkimbiza, na kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka unene ukamwisha, miguu ikarefuka kwa kukimbia, na mkia ukashikwa na mtetemeko ambao haukumwacha. Alipopatikana mmoja na kusimamishwa juu ya ngozi hakuacha alama yoyote, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwa mwepesi kama kijiti.

Mwanamize, ambaye alikuwa bado yuko kwa baba yake, ndiye aliyesema kwamba hawamhitaji ndege mwenyewe. Wanahitaji mguu wake tu. Wakachukua mfupa wa muundi wa mbuzi, wakauchonga ncha yake kwa vidole vitatu na kidoa. Hiyo ndiyo chapa ya kwanza kuchongwa. Kwa nyundo walitumia ya mti, ya mkwaju, kwa sababu ya chuma iliupasua mfupa.

Waligonga kwenye ngozi kavu. Ngozi ilirudisha mfupa kama inavyorudisha tone la mvua, na walipozidisha nguvu ikapasuka. Wakailoweka na kuigonga ikiwa inadondoka maji. Alama ilizama vizuri, wakafurahi, na walipokuwa wakifurahi ikainuka tena na kufumba, kama matope yanavyofumba. Waligonga juu ya mkeka, na mkeka ukala nguvu yote. Waliupiga mfupa mara mbili kwa kuogopa kwamba mara moja haitoshi, na ndege akatoka na vidole sita. Mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha.

Mwanamize akakumbuka mwamba. Kitwitwi alipita juu ya ngozi iliyokuwa imelala juu ya jiwe, si juu ya mkeka. Wakahamia mwambani. Akakumbuka pia kwamba kabla ya adhuhuri ile alikwenda kuitazama ngozi na akaona weusi wa maji umeanza kuondoka, rangi yake ya kawaida inarudi kutoka ukingoni kuelekea kati. Unyayo haukuwapo bado, na baadaye ngozi ilikauka; basi ndege alipita wakati huo. Haikuwa mbichi wala haikuwa kavu. Lakini wakati huo ni mfupi, na rangi peke yake hudanganya, kwa maana juu huweza kukauka ndani kukiwa na maji. Fundi Vuai aliipapasa kwa vidole, na vidole vyake, vilivyokuwa na sugu za uzi na magome, havikumwambia kitu.

Bi Mosi alikuwa amekuja kuchukua viatu vyake vilivyoshonwa upya. Aliwatazama kwa muda, baba na binti, wanaipapasa ngozi kama vipofu wawili.

"Fundi, mkono uliofanya kazi ni mwongo," alisema. "Mimi maji ya mtoto siyapimi kwa mkono tangu ujana wangu."

Akapiga magoti, akaichukua ngozi, akailaza shavuni, akafumba macho. Akasema bado. Wakangoja. Akailaza tena, akasema bado. Mara ya tatu alikaa nayo kidogo, kisha akawaeleza anachokisikia: "Ni baridi, lakini hainilowanishi." Walipomtazama shavu, lilikuwa kavu.

Fundi Vuai akaisimamisha chapa wima. Akaipiga mara moja.

Unyayo ulibaki. Kesho yake ngozi ilipokauka kabisa ulikuwa ungali pale, na kingo zake zilikuwa safi kuliko za ndege. Mwezi ulipoandama Sheha Ngwali aliletewa kipande chenye nyayo zilizofuatana kutoka pembe hadi pembe. Alikitazama, akauliza maswali mengi, akajibiwa yote. Kigogo hakikupinduliwa. Na watu wa Mkandaani, waliokuwa wakivaa kiatu chochote kilichowaenea, wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mtu akitaka alama yake: huyu mwezi, huyu jani la mwembe, huyu jino la papa. Bi Raya alikuja wa mwisho, akaagiza maua.

Msellem hakuagiza kitu. Alikuwa amekuja tangu siku ileile ya Ijumaa kumwomba radhi mkewe, na Mwanamize alimjibu jambo moja tu. "Uliviuliza viatu, Msellem. Mimi hukuniuliza." Alirudi tena na tena, akaketi kwenye kizingiti cha karakana, watu wakimruka kuingia na kutoka. Hakujitetea, na hilo, waliosimulia wanasema, ndilo lililomfaa.

Siku moja alikuja miguu mitupu. Alimwambia Mwanamize, si baba yake, kwamba anahitaji viatu. Mwanamize alimwuliza anataka vyenye chapa gani. Alisema ile atakayoichagua yeye.

Mwanamize alipima mguu wake kwa kamba, akakata soli, akazilowesha, akangoja. Wakati ulipofika alilaza ngozi shavuni. Kisha akampa mgongo mumewe, akaweka chapa upande wa ndani, chini ya kisigino, akagonga mara moja. Kabla Msellem hajasimama kutazama, soli ya pili ilikuwa imekwisha kulala juu yake na sindano imekwisha kupita. Upande wa nje hakuweka chochote.

Msellem alivigeuza viatu mkononi. Akauliza ameweka nini humo ndani.

"Unavivaa," alisema Mwanamize, "au unakata mshono uone?"

Kisu kilikuwa juu ya kigogo, karibu na mkono wa mumewe. Msellem alikitazama. Kisha akaviweka viatu chini, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akatembea mpaka mlangoni, akasimama hapo kumngoja. Mwanamize alimaliza kufuta meza ya kazi, akaitungika nyundo, akachukua kanga yake na mto wake.

Viatu vile alivivaa mpaka vikaisha, na hakuvikata. Walipata watoto, mikononi mwa Bi Mosi. Hakuna aliyejua, ila Mwanamize, ni chapa gani iliyokuwamo, wala Fundi Vuai; na sisi hatuijui.

Na tangu siku hiyo kitwitwi ni mwembamba, hukimbia vijihatua ufukweni na kusimama ghafla huku mkia ukimtetemeka, akimwona mtu na ngozi hafiki karibu. Na tangu siku hiyo ngozi ya Mkandaani hulazwa juu ya jiwe, hupimwa kwa shavu, hugongwa mara moja. Chapa zinazoonekana mwenye kiatu huchagua mwenyewe. Ile ya kwanza huchagua fundi, huifunika, na mwenye kiatu haulizi. Hutembea juu yake tu.